Tiba ya wasiwasi kwa njia ya simu: jibu kwa mwalimu wa Korogwe

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Korogwe, nina miaka 33 na watoto wawili, mdogo ana miezi 9. Tangu nijifungue, moyo unaweza kwenda mbio ghafla, mikono ikafa ganzi, nikaona kama nakata roho. Ilinikuta ndani ya basi nikienda Tanga, na tangu hapo sipandi basi peke yangu. Nimepimwa presha na umeme wa moyo, ECG, naambiwa niko salama, ni mawazo tu. Naona watu wanatangaza tiba ya mazungumzo kwa simu. Inasaidia kweli au ni kupoteza pesa? Na nitaongeaje, wakati naishi na mama mkwe na kuta za nyumba yetu hazifiki juu?

Jibu: Pole sana, Mwalimu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa pesa. Tiba ya mazungumzo kwa simu au video inasaidia wasiwasi wa namna yako. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliotibiwa kwa video na wale waliokaa chumba kimoja na mtaalamu, kwa tiba ileile, zimekuta matokeo yanakaribiana. Ila kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi: kinachoponya wasiwasi ni mazoezi unayoyafanya mwenyewe kati ya kikao na kikao, hasa kurudi hatua kwa hatua kwenye yale unayoyakwepa. Mtu akikupigia kila wiki, akakuliwaza, ukalia, ukajisikia mwepesi, kisha wiki nzima ukaendelea kutopanda basi, umenunua faraja na ugonjwa umebaki palepale. Kwa hiyo mpime kila mtaalamu kwa swali moja: wiki hii atanipa kazi gani ya kufanya?

Kilichokukuta ndani ya basi huitwa shambulio la hofu. Hupanda kwa kasi, hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka hata usipofanya lolote. Ganzi na kizunguzungu vinatokana na kupumua haraka haraka. Unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, mishipa ya damu kichwani inasinyaa kidogo, na neva za vidole na midomo zinakuwa rahisi kushtuka. Inatisha mno, lakini haiui. Madhara makubwa huja baadaye, pale unapoanza kuiogopa hofu yenyewe na kukwepa kila mahali inapoweza kukujia. Kila safari uliyoahirisha imekupa nafuu ya saa chache, na imeufundisha mwili kwamba basi kweli ni la hatari.

Malizia vipimo kwanza

Kuna vipimo viwili vya damu ambavyo hukuvitaja, na kwa mama mwenye mtoto wa miezi 9 havifai kurukwa. Cha kwanza ni cha tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua tezi hii inaweza kuvimba bila maumivu. Mwanzoni humwaga homoni kupita kiasi: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, joto halivumiliki, mwili unapungua ingawa unakula. Miezi michache baadaye homoni hushuka chini ya kiwango, na mama huwa mzito, mchovu, mwenye huzuni. Dalili za mwanzo zinafanana sana na wasiwasi, na presha na ECG pekee haziwezi kukuambia kwamba tezi ni nzima. Omba kipimo kinachoitwa TSH. Kisipopatikana Korogwe, uliza kama damu inaweza kuchukuliwa hapo ikapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, au maabara kubwa ya Tanga mjini, ili safari ya basi isiwe kikwazo.

Cha pili ni wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na ikishuka sana moyo hulazimika kukimbia hata kwa kazi ndogo.

Halafu angalia unachokunywa na kumeza. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, chai ya rangi iliyokolea vikombe vinne vitano kwa siku, vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, na dawa ya pumu ya kuvuta aina ya salbutamoli, vyote vinaweza kuufanya moyo udunde. Chai na kahawa zipunguze polepole, kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, kwa sababu ukiacha ghafla kichwa kitauma na utadhani ugonjwa umezidi. Dawa ya pumu usiiache, zungumza na aliyekuandikia.

Maumivu ya kifua yanayokuja ukitembea kwa kasi na kutulia ukipumzika, kuzimia kabisa, au mguu mmoja kuvimba huku pumzi zikibana, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Usiyapeleke kwa mtaalamu wa mazungumzo.

Vipimo vikirudi salama, pima wasiwasi wenyewe. Kuna dodoso la maswali 7 liitwalo GAD-7. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Alama 5 ni wasiwasi mdogo, 10 ni wa kati na unastahili kuchunguzwa, 15 ni mkali. Lipo la Kiswahili, na limefanyiwa utafiti Kilifi, pwani ya Kenya. Kwa kuwa mtoto hajatimiza mwaka, omba pia dodoso la Edinburgh la kina mama, la maswali 10, ambalo hutazama huzuni baada ya kujifungua na lina maswali matatu ya wasiwasi. Kliniki ya mama na mtoto ni mahali pazuri pa kuanza kuliulizia. Andika alama zako na tarehe daftarini. Zitakuwa ushahidi wako baadaye kama tiba inakwenda mbele au imekwama.

Kumpata mtaalamu

Tiba yenye ushahidi mwingi kwa wasiwasi ni ile ya kurekebisha fikra na matendo, inayojulikana kwa herufi CBT. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16 vya dakika 50, kimoja kwa wiki. Usikate tamaa kwa hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu mfupi zaidi wa vikao 5 tu vya dakika 90, uitwao Problem Management Plus, ambao ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Waliotoa msaada walikuwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa, na wanawake walipata nafuu iliyopimika. Nchini Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walipata nafuu kwa mafunzo ya sauti ya vikao 5, wakisikiliza kwa vikundi. Kwa hiyo ukikosa mwanasaikolojia, mshauri nasaha aliyefunzwa vizuri na mwenye msimamizi anayemkagua anaweza kukufikisha mbali. Cheo kikubwa kisichokuwa na mpango hakitakufikisha.

Wataalamu hawa hawalingani. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaweza kuandika dawa, na Tanzania Bara lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hivyo uliza namba yake ya usajili uihakikishe. Mwanasaikolojia tiba na mshauri nasaha hawaandiki dawa. Hao waulize walisoma chuo gani, shahada gani, na nani anawasimamia kazi. Mtu aliyefunzwa huyajibu maswali hayo bila kukasirika. Anayejiita kocha wa maisha, mwenye ushuhuda wa wateja hamsini na hana jina la chuo, mwache.

Kabla ya kulipa omba dakika 15 za simu. Muulize ameshatibu mashambulio ya hofu kwa njia gani, kikao cha tatu kitafanana vipi, na mtandao ukikatika mtafanya nini. Sikiliza pia anachokuuliza yeye. Mtaalamu makini atataka kujua uko mji gani, nani wa karibu apigiwe simu ukizidiwa, hospitali iliyo jirani ni ipi, na kama nyumbani uko salama. Asipouliza hayo, hajajiandaa kwa siku mbaya. Wengi walio Ulaya na Marekani wana leseni inayowabana kutibu watu walio katika jimbo au nchi yao tu, na hata akikubali kukupokea, hataweza kukuelekeza hospitali ya huku. Uliza mapema.

Malipo yafanye kwa kikao kimoja kwanza, kisha visizidi vinne kwa mkupuo. Usinunue kifurushi cha vikao 10 kabla hujamjua mtu. Anayeahidi kukuponya kwa siku 7, mkimbie. Kama mfuko ni mdogo, omba vikao vinne vya kila wiki, halafu kimoja kila baada ya wiki mbili huku ukituma ripoti ya mazoezi katikati. Kwa tiba ya namna hii mpangilio huo unafaa.

Jihadhari na tiba ya kuandikiana ujumbe peke yake. Mwenye wasiwasi akipewa mtu aliye hewani muda wote, hujikuta anaandika saa 7 usiku kwamba kifua kimebana, je, ni moyo? Anajibiwa yuko salama, anatulia dakika 20, anauliza tena. Kila jibu linamfundisha kwamba hawezi kuvumilia shaka mpaka athibitishiwe, na kesho atahitaji majibu mengi zaidi. Roboti za kuongea kwenye simu zina hatari hiyohiyo, tena kubwa zaidi kwa sababu hazichoki kujibu. Kutafuta dalili mtandaoni na kujipima presha mara sita kwa siku ni tabia ya ukoo huohuo. Ujumbe una nafasi yake: kutuma ripoti ya zoezi, kukumbushana saa ya kikao, mtaalamu akijibu mara moja kwa siku kwa saa mliyokubaliana. Nazo programu za kujifunza mwenyewe zinaweza kusaidia, ila watu wengi huziacha njiani kama hakuna binadamu wa kuwafuatilia.

Nyumba, mama mkwe na simu yako

Kuta zisizofika juu ni tatizo la kweli, na mtu anayezungumza huku anasikilizwa husema nusu ya jambo. Vipokea sauti vya masikioni vinaficha sauti ya mtaalamu tu, yako inasikika vilevile. Kwa mwalimu suluhisho la karibu ni shule: darasa tupu au ofisi baada ya wanafunzi kuondoka, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, ambaye hahitaji kujua zaidi ya kwamba una simu ya matibabu. Nyumba ya rafiki anayekwenda kazini mchana inafaa pia, au kona ya shamba yenye mtandao mzuri. Ikibidi iwe nyumbani, chagua saa ambayo mama mkwe huwa sokoni au ibadani, na weka redio nje ya mlango ikielekea upande wa wengine. Ndani ya chumba chako itakusumbua wewe na kuwafikia wao kidogo.

Kubaliana na mtaalamu neno la kujikinga. Ukisema kwa mfano, "Matokeo ya mock nitayatuma kesho," ajue mtu ameingia, abadilishe mazungumzo au akate bila kukupigia tena mpaka wewe umwandikie.

Kwa nyumba yenye amani ushauri wangu ni kusema ukweli mfupi. Kujificha kunaleta minong'ono, na minong'ono inaongeza wasiwasi. Inatosha kusema, "Mama, daktari ameniandikia matibabu ya kuongea kwa simu, dakika hamsini kila Jumatano. Naomba unishikie mtoto." Akiuliza zaidi, mwambie ni kwa ajili ya mapigo ya moyo, na huo si uongo. Kunyonyesha wakati wa kikao hakuna ubaya, lakini siku za mazoezi ya mwili mtoto ashikwe na mtu mwingine.

Kwenye simu, weka namba ya siri ya kufungulia, zima maandishi ya ujumbe yasitokee juu ya skrini iliyofungwa, na ndani ya WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna kompyuta au simu usiyoijua inayosoma mazungumzo yako. Ikiwapo, iondoe. Usirekodi kikao, na mtaalamu asirekodi bila ridhaa yako ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya yako zinalindwa humo, basi una haki ya kuuliza zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Swali hilo waulize hata wakubwa: mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu kwamba ilizitoa taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo.

Kuhusu bando: simu ya sauti ya WhatsApp ya dakika 50 hula takriban megabaiti 20 hadi 30, video huweza kula mara kumi ya hapo au zaidi. Kikao cha kwanza kifanyike kwa video ikiwezekana, mtaalamu akuone unavyopumua na unavyokaa. Vilivyobaki sauti inatosha. Mtandao ukikatika, yeye ndiye apige kwa simu ya kawaida baada ya dakika 5.

Kama mtu unayeishi naye anakupiga, anakutishia au anakagua simu yako kwa nguvu, yote niliyosema kuhusu kusema ukweli nyumbani yaache. Hofu ya mtu anayepigwa inamwambia jambo sahihi, na mazoezi ya kuizoea hayamfai. Atafute usalama kwanza: dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kituo cha mkono kwa mkono katika hospitali zilizo nacho. Aliye Kenya apige 1195, namba ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Wiki kumi na mbili zinavyokwenda

Wiki mbili za mwanzo ni za kuelewana na kuandika. Utaombwa daftari lenye saa, mahali, mwili ulifanya nini, ulidhani nini kitatokea, ukafanya nini, na hofu ilikuwa ngapi kati ya 0 na 10. Ongeza siku za hedhi ikisharudi, kwani wanawake wengi huona wasiwasi unapanda siku chache kabla yake, na usipojua hilo utadhani tiba imeshindwa. Walioacha kuandika ndio mara nyingi hukwama, kwa sababu kikao kizima kinakwisha kwa kukumbushana wiki ilivyokuwa.

Wiki ya tatu hufuata zoezi linaloshangaza wengi: kuziita dalili makusudi. Kukimbia hapohapo ulipo kwa dakika 1, kuzunguka ukiwa umesimama kwa dakika 1, kupumua kwa mrija mwembamba huku pua imebanwa kwa dakika 1 au 2. Moyo utakimbia, kichwa kitazunguka, na utaona vinashuka vyenyewe. Unarudia mara tatu nne kwa siku mpaka mwili uzoee. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali, kifafa au mimba asifanye bila ruhusa ya daktari. Hapa video ina faida, maana mtaalamu anakuona ukiwa katika chumba chako mwenyewe.

Kuanzia wiki ya nne ni basi. Mnapanga ngazi, kutoka hofu ya 3 hadi ya 9. Kwako inaweza kuwa hivi: kukaa stendi ya Korogwe dakika 30 bila kupanda; kuingia ndani ya basi lililosimama na kukaa dakika 15; kwenda Segera na dada au rafiki; kwenda Segera peke yako ukikaa karibu na mlango; Segera tena, kiti cha dirishani nyuma kabisa; Muheza peke yako; kisha Tanga. Kila ngazi rudia mara tatu au nne ndani ya wiki, hadi uone ile hofu uliyoitabiri haitimii. Kabla ya kupanda andika utabiri wako kwa maneno kamili, "Nitazimia kabla ya Segera," na uipe asilimia. Ukishuka, andika kilichotokea. Kutulia ndani ya basi ni ziada. Kusudi ni kupata ushahidi kwamba ulichotabiri hakikutokea hata pale hofu ilipofika 8.

Katika ngazi mbili za mwanzo mtaalamu anaweza kuwa sikioni mwako ukiwa stendi, na hapo simu inaishinda ofisi, maana mwenye ofisi hawezi kukusindikiza. Lakini kuanzia unapopanda peke yako anatakiwa akate. Akibaki sikioni hadi Tanga, akili itaandika kwamba umepona kwa sababu yake.

Hapo ndipo tiba nyingi huharibikia, kwenye vishikizo vidogo ambavyo mgonjwa havitaji. Chupa ya maji isiyoachwa, kidonge mkobani, kiti cha mlangoni tu, mtoto mkubwa anayebebwa kama msindikizaji, namba ya daktari iliyo tayari kwenye skrini. Ukisafiri na vyote hivyo safari inahesabika nusu. Mwambie mtaalamu kila kishikizo ulicho nacho, na mviondoe kimoja kimoja. Kosa la pili ni kushuka hofu ikiwa kileleni. Ikitokea, usijilaumu, panda tena siku hiyo au kesho yake, hata kwa ngazi ya chini kidogo.

Upumuaji wa polepole utafundishwa pia: vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, dakika 5, mara mbili kwa siku ukiwa umetulia. Hewa iwe ya kawaida. Wengi huvuta pumzi kubwa kubwa kwa nguvu, na hapo ganzi huzidi. Na usiutumie ndani ya basi kama njia ya kukimbia hofu, maana utageuka kishikizo kingine. Kwa mawazo ya usiku kuhusu mtoto na ada na kazi, tenga dakika 20 saa 12 jioni za kuyaandika yote. Yakija saa 8 usiku, yaambie zamu yao ni kesho jioni. Siku tatu nne za kwanza hayatatii. Endelea.

Pima GAD-7 kila baada ya wiki mbili. Ikiwa baada ya vikao 6 umefanya mazoezi na alama haijashuka hata 4, mwambie wazi mtaalamu mpango ubadilike, au daktari aongezwe. Usibaki kwa sababu ya kumwonea haya.

Kuhusu dawa, zipo zinazosaidia, na kutumia dawa hakuharibu tiba ya mazungumzo. Zinazopewa kipaumbele ni za kundi la sertralini na fluoksetini, ambazo huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na wiki ya kwanza zinaweza kuongeza msisimko kidogo. Kwa mama anayenyonyesha, madaktari wengi huchagua sertralini kwa kuwa inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Haziachwi ghafla. Ukifunga Ramadhani, ni dawa ya mara moja kwa siku, daktari anaweza kukuhamishia usiku. Ninachokuomba kwa nguvu ni usinunue diazepamu duka la dawa "kutuliza moyo". Inaingia kwenye maziwa na kumlegeza mtoto, mwili huizoea ndani ya wiki chache, na ukipanda basi ukiwa umeimeza hutajifunza chochote. Propranololi nayo ni hatari kwa mwenye pumu.

Dua, maombi na kisomo viendelee kama vinakupa nguvu, na mtaalamu anayevidharau hakufai. Mpaka uwe kwa yeyote anayekuamuru uache dawa, anayekupiga ili kutoa kitu, au anayekutoza kila wiki bila mwisho.

Kuna jambo ambalo kina mama wengi hawalisemi hata kwa mtaalamu: picha za ghafla kichwani za mtoto kuanguka, au wao wenyewe kumdhuru. Zikikutisha na kukuchukiza, ukawa unaficha visu na kuogopa kumwogesha, hiyo ni sura ya wasiwasi, hutokea sana baada ya kujifungua, na inatibika kwa njia hizihizi. Zungumza. Hali ni nyingine kabisa mama akianza kusikia sauti, kuamini mtoto ni mbaya au amebadilishwa, kutolala siku mbili tatu na asichoke, au kupanga kujiua. Hapo mtoto apewe mtu mwingine amshike, na mtu mzima ampeleke mama hospitali usiku huohuo.

Katika kikao cha mwisho omba mpango ulioandikwa, na vikao viwili vya ukaguzi, kimoja baada ya mwezi 1 na kingine baada ya miezi 3. Shambulio linaweza kurudi, pengine wakati wa mitihani au mtoto akiugua. Likirudi usingoje kikao wala usianze vipimo vya moyo upya kama dalili ni zilezile. Fungua daftari, andika utabiri wako, na ndani ya siku mbili panda basi la Segera, kiti cha nyuma, bila chupa ya maji.